Mpinzani wa Fundi Saa

Jumamosi, tarehe nane Agosti. Kulikucha na ukungu, na manyunyu yasiyolowesha wala kukoma.

Fundi Saa alifunga tai, akaifungua, akaifunga tena. Kualikwa kwenye arusi ya mwanamke unayempenda ni kuchungu kuliko shubiri.

Walikutana katika darasa la jioni: yeye, Muuguzi na Karani. Somo lilikuwa hoja za kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Muuguzi alikaa katikati ya wanaume hao wawili. Karani alizitetea hoja kwa sauti ya asali, na Fundi alipomwona Muuguzi akiitikia kwa kichwa, wivu ulimkaba hata kalamu ikamvunjikia mkononi. Akaanza kuzibomoa. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Ugomvi wake ulikuwa na Karani.

Karani aliposema kwamba saa haijitengenezi, na ulimwengu vivyo hivyo, Fundi alivua saa yake.

"Ndugu yangu, najua saa ina fundi kwa sababu mafundi nimewaona. Wewe ulimwengu mwingine ukitengenezwa umeuona wapi? Na saa hii imepita mikono mingi. Mbona ulimwengu uwe na fundi mmoja?"

Karani akakimbilia chanzo cha vyote. Fundi akamuuliza, kama kipo kisichohitaji chanzo, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe? Wiki iliyofuata Karani akaja na Mkamilifu asiyeweza kukosa kuwapo, maana kutokuwapo ni upungufu. Fundi akajibu kwamba yeye huiwaza saa isiyo na dosari kila siku, na bado meza yake imejaa mbovu. Darasa likaangua kicheko. Muuguzi naye alicheka hadi machozi.

Jioni hiyo Fundi alimsindikiza hadi geti la hospitali, akamweleza yaliyo moyoni.

"Kaka, umechelewa," Muuguzi alisema kwa upole. "Nilishachumbiwa."

"Na huyo hana mwingine?"

"Anao wengi." Akatabasamu. "Wala hatuoneani wivu."

Usingizi ukampaa Fundi. Kumbe Karani, na upole wake wote, alikuwa na msururu. Akazidi kumshindilia darasani, hadi mwalimu akakiri kwamba hakuna hoja iliyobaki imesimama. Muuguzi aliandika yote, akamsifu Fundi kwa akili zake, kisha akawaomba wote wafike kanisani Jumamosi, wawe mashahidi wake.

Sasa Fundi alikuwa amekaa benchi la mwisho. Mbele, mashangazi wa Muuguzi walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja. Mtu mwenye suti ya kijivu na macho mekundu akajipenyeza kando yake. Alikuwa Karani.

"Wewe mbona uko huku nyuma?" Fundi alinong'ona.

"Swali hilo nilitaka kukuuliza wewe."

Muuguzi aliwapita akiwa na shela jeupe, bila kushikwa mkono na yeyote, akapiga magoti mbele ya altare. Kando yake hapakuwa na mtu. Sauti yake haikutetemeka.

"Mbele yenu ninyi mashahidi, naahidi kutoolewa na mwanadamu yeyote. Tangu leo hadi kufa kwangu, mimi ni wa Mungu peke yake."