Theluji Kwenye Simu

Mwaka huo wa korona, Chepkemboi alisomea chuo cha Finland akiwa juu ya kilima cha Kedowa, katikati ya majani chai, kwa sababu mtandao ulishika hapo tu. Mamake alikuwa akichuma kando yake.

Asubuhi moja mwalimu aligeuza kamera dirishani ili wanafunzi waone theluji ikianguka. Chepkemboi akamwonyesha mamake.

Mama akainama. Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai, vikagusa kioo cha simu polepole.

"Huo ni ukungu?"

"Ni theluji, Mama."

Papo hapo barua pepe ikaingia. Mipaka imefunguliwa, viza imetoka. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukawafunika miguu, na Chepkemboi akahisi kama anaelea.

"Wanasema niende," akanong'ona. "Lakini naweza kumalizia masomo hapa. Wewe utabaki na nani?"

Mama alivua sweta yake, akamvalisha, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

"Huko kuna baridi kushinda hapa," akasema. "Geuka nione kama inakutosha."