Shida ya Bibi Felista

Jumatano asubuhi Bibi Felista alijitosa mferejini, maji yakamfika magotini, ndoo ya kakao mbichi kichwani, na Kisa akakaribia kupiga makofi kwa furaha.

Hakuwa binti mkatili. Hata kuku akichinjwa aligeuza uso. Ila alibakiwa na siku tatu za kuokoa kazi yake. Mradi uliomwajiri ulimleta kijiji cha Ndandalo akae na mkulima mmoja Jumatatu hadi Ijumaa, agundue shida moja ya kweli, aitengenezee dawa. "Usimtengenezee mtu kitu kabla hujakaa naye ukamsikiliza," bosi aliwahubiria wafanyakazi wake kila asubuhi. Atakayerudi bila shida, mkataba wake unaishia hapo.

Tatizo ni kwamba Bibi Felista hakuwa na shida.

"Jembe halikuumizi mgongo, Bibi?"

"Mgongo umelizoea."

"Na moshi jikoni?"

"Unafukuza mbu."

"Maji je, si mbali?"

"Bomba hilo hapo, mwanangu. Umeliegemea."

Siku mbili Kisa alimfuata kama kifaranga, kutoka jikoni hadi shamba la mpunga, akiandika kwenye vikaratasi vya njano. Vyote vilibeba neno moja: HAKUNA. Jumanne jioni bosi alipiga simu. Kisa alijibu "ndiyo" mara nane, kisha akaenda kulia nyuma ya choo, kwa adabu, bila sauti.

Bibi akamkuta huko. Hakumbembeleza. Alikaa kwenye gogo, akauliza nani kapiga simu, anataka nini, akikosa itakuwaje. Kila Kisa alipojibu, Bibi aliuliza kwa nini. Mwisho akainuka.

"Kesho twende kwenye kakao. Huko hujafika."

Na kesho yenyewe ndiyo hii: mfereji mpana, tope, na bibi wa miaka sabini anavuka na ndoo.

"Kila siku unapita hivi?"

"Tangu nimeolewa." Bibi alisimama katikati ya maji, akageuka taratibu. "Umeona vizuri, au nirudie?"

Akarudia. Mara tatu, ingawa ndoo ilikuwa moja. Kwenye migomba, Hebroni, mtoto wa kaka yake Bibi, mwanamume mzima wa miaka hamsini, alishikwa na kikohozi hadi akakaa chini.

Kisa alichora mchana kutwa. Alhamisi wakajaribu: mianzi minne, kamba ya katani, kishikio upande mmoja. Mara ya kwanza mianzi ilizunguka, Kisa akatumbukia pamoja na vikaratasi vyake. Mara ya pili ikashika. Kwa bahati, kingo zote mbili zilikuwa na pengo lililokwisha kuchongwa, kana kwamba udongo ulikuwa ukimngoja. Bibi akavuka miguu mikavu, akapiga kigelegele ambacho huenda kilisikika hadi kijiji cha Ngana.

"Hebroni! Umewahi kuona kitu kama hiki?"

"Sijawahi, Shangazi," alisema Hebroni, akiangalia vidole vya miguu yake.

Ijumaa bosi alizitazama picha alizotumiwa, akapiga simu: mkataba umeongezwa. Bibi alimfungia Kisa kilo mbili za mchele, akamsindikiza hadi kwenye bodaboda.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umetuokoa."

Kisa alikuwa amefika njia panda alipokumbuka viatu vyake vya mvua, alivyoviacha vikauke kando ya mfereji. Akarudi, akapitia nyuma, kwenye migomba.

Mianzi ilikuwa imeshatolewa, imeegemezwa kando kwa heshima. Bibi na Hebroni walikuwa wamebeba ubao mnene, mweusi kwa uzee, uliolika katikati kwa nyayo za miaka mingi. Wakautelemsha juu ya mfereji. Ulikaa kwenye mapengo yale bila hata kutikisika.

"Huyu kahangaika siku mbili tu," alisema Bibi, akijifuta mikono. "Yule wa kwanza tulimchelewesha hadi Alhamisi, masikini."

"Na wa mwezi ujao, Shangazi? Tumfichie nini?"

"Nitajuaje, na hajafika? Kwanza tukae naye, tumsikilize."