Benchi la Mrisho

Siku hizi njia ya kila bustani humtambua mtu kwa mwendo wake, ikamsalimu kwa jina, na benchi alilolizoea likajitengeneza kumsubiri. Kwa hiyo Mrisho alipoapa kwamba tangu reli ya Tabora igeuzwe bustani hajawahi kuikanyaga, mkewe Tatu akamwambia, "Basi twende tukatembee."

Kuanzia getini Mrisho akawa anachechemea ili njia isimjue.

"Goti, mke wangu. Baridi hii."

"Baridi gani? Unatoka jasho kama mkaanga chipsi!"

Walipofika ilipokuwa stesheni, Mrisho akajisahau, akaruka dimbwi kwa miguu yote miwili mizima.

"Karibu tena, Mrisho," ikasema njia. Mbele yao benchi moja likawaka taa.

"Mashine mbovu hizi. Zinafananisha watu."

Kichwani Tatu alishamchora mwanamke ambaye mumewe hukutana naye hapo, mrefu, mwenye madaha, pengine yule wa duka la dawa. Akalisogelea benchi aone limemtengenezea kiti gani.

Upande wa Mrisho ulikuwa umelala kidogo nyuma. Upande wa pili ulikuwa umeinuka, umetoa kibao kifupi cha kukanyagia na kamkanda ka kumfunga mtoto asianguke.

Miaka yote ya ndoa yao hawajapata mtoto.

"Anaitwa nani?" Tatu akauliza polepole.

Mrisho alikuwa anatazama getini, akiomba njia isije ikamsalimu mtu mwingine.