Maji ya Kumlaza Kuku

Usiku wa manane Mtetea alisikia kuku akilia machinjioni, akaingiwa na hofu, maana kuku walikubali kuliwa na Simba kwa sharti moja tu: kwanza wachovywe kichwa kwenye maji ya umeme wazimie, ndipo kisu kipite. Aliyezimia halii. Na kesho ilikuwa zamu ya bintiye.

Akapita kwa kuku wenzake wote, kisha akamwendea Fisi mchinjaji.

"Mbona yule analia?"

"Kaota tu, mama vifaranga. Maji yangu yanalaza."

"Basi tia mkono."

Fisi alijua umeme ameupunguza, akatia mkono bila wasiwasi. Akapiga yowe, akaanguka chini macho wazi.

"Mbona hulali?" Mtetea akamuuliza.

"Umeme mkali unaacha madoa ya damu kwenye nyama, na Simba hunisifu kwa nyama safi. Usimwambie, dada, nakuomba."

"Kwa hiyo sisi tuchinjwe tukiona, wewe usifiwe? Simba utamweleza mwenyewe, asubuhi akikosa nyama. Mimi nimewaambia kuku tu, wote wameshahama, na naahidi simwambii mwingine."