Mnyama Alivyosimama

Pazia lilipovutwa, ukumbi mzima wa makumbusho ulimwona dinosaria. Mimi nilijiona mwenyewe.

Mguu mmoja mbele, shingo upande, mdomo nusu wazi. Hivyo ndivyo ninavyomsubiri mume wangu mlangoni akichelewa kurudi.

Yeye ndiye mtengeneza sanamu wa makumbusho. Mla nyama huyo wa kale alibakiza kipande cha taya na nyonga tu. Kwingine kote mzee wangu alijaza plasta kwa kukisia. Sanamu mbili za mwanzo zilishakataliwa. Na hii ikikataliwa, kazi hana.

"Nani kakwambia alisimama hivi?" mkuu wa makumbusho aliuliza. "Ushahidi uko wapi?"

Mzee wangu akanitazama, plasta imemganda kwenye nyusi. Asubuhi ile, pamoja na haraka zake zote, alikuwa amenipigia pasi gauni.

Nilikuwa nimejiandaa kumpa mume wangu vidonge vyake kwa kunigeuza dinosaria. Badala yake nikamsogelea mkuu, nikatanguliza mguu, nikalaza shingo.

"Wewe baba, saa zote hizi ulikuwa wapi?"

Mkuu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Kazini, mama," akasema. "Haki ya Mungu, nilikuwa kazini."