Kazi ya Kufumua

Kipupwe kilikaribia, na watoto wa Kuchakulo, jamaa ya kindi, hawakuwa na blanketi. Akaenda kwa ndege Mnana, fundi wa kufuma, akaomba kufundishwa. Mnana alikuwa mchoyo wa ujuzi, akamtupia rundo la nguo zilizoharibika.

"Wewe fumua tu, unirudishie nyuzi. Kitanda changu cha kufumia usikiguse!"

Kuchakulo akafumua uzi mmoja mmoja, bila kulalamika.

Baridi ilipoingia, Mnana aliwakuta watoto wale wamejifunika blanketi zito la manjano.

"Nani amekufundisha?" akamfokea Kuchakulo.

"Ni wewe, fundi. Kila nguo niliyoifumua, niliona ilivyofumwa. Nyuzi zako nilikurudishia zote; hizi nimesokota kwa pamba ya porini, na kitanda nikajiundia kwa vijiti."

Mnana akalivuta blanketi. Halikuachia hata uzi. Akalipapasa, kisha akauliza kwa upole, "Na rangi hii, mwanangu, umeipataje?"

Kuchakulo akamkaribisha akae, akamweleza yote.