Mkoa Usio na Malalamiko

Fisi walipozidi, Tembo, mtawala wa nyika, alitangaza kuwa ataongeza askari nyani katika mikoa yenye shida. Kazi ya kuwagawa alimwachia karani wake Korongo, ndege asiyeamini kitu ila daftari lake.

Digidigi alitembea siku nne kutoka bondeni, mkoa wenye nyani mmoja tu, tena mzee.

"Shikamoo, mheshimiwa. Tunamalizwa. Tuongezeeni askari."

Korongo akafunua daftari. "Mama, mwaka juzi walikuja walalamikaji arobaini kutoka kwenu. Mwaka jana tisa. Leo umekuja peke yako. Hongereni, usalama umeimarika."

"Mheshimiwa, wenzangu wameliwa!"

"Walileta malalamiko?"

"Aliyeliwa atalalamikaje?"

"Basi sina cha kuandika."

Askari wapya wote wakapelekwa mlimani kwa pundamilia, waliokuja mia tatu, wamenona, kulalamika kwamba vicheko vya fisi vinawakera. Hata yule nyani mzee akahamishiwa huko, maana bondeni alionekana hana kazi. Digidigi akarudi kwao peke yake, na fisi walikuwa wanamngoja njiani.

Mwaka uliofuata hakuja hata mmoja kutoka bondeni. Mbele ya mikoa yote, Tembo akalisifu bonde kwa amani yake, akaagiza mjumbe wao asogee apokee zawadi. Wanyama wakapiga makofi, wakangoja, wakapiga tena. Hakusogea mtu.

"Hao ndivyo walivyo, mkuu," alisema Korongo akifunga daftari. "Hawana makuu."